Nitakupa Nini, Mgongo

Wote walionikosea niliwapa mgongo.
Wewe je? Wewe nitakupa nini?

Ilikuwa Oktoba, ukumbi wetu wa Gyumri, jiko la kuni limezimika,
kilo themanini na nane zikiondoka sakafuni,
uzito ambao siku nyingine nauinua nikiwaza chakula.
Sikusikia mlio. Nilitarajia mlio.
Chuma kilirudi chini nami nikapiga magoti mbele yake
kama bibi Arpenik kanisani, ila bila mshumaa
na bila namna ya kuinuka.

Daktari alinionyesha picha:
kati ya pingili ya nne na ya tano
kitu kimechomoza, kama jemu ya aprikoti
mtoto akibana mkate.
"Miezi sita usiweke kitu mabegani."
Nikamuuliza, miguu yangu imekosa nini?
Hakujibu. Alikuwa anatafuta kifuniko cha kalamu.

Majuma matatu kaka yangu alinifunga kamba za viatu.
Anafunga kama anayeogopa kiatu kitatoroka.

Zhirayr, aliyekuwa fundi wa kuchomelea kabla ya kuwa kocha,
hakunipa pole. Alinipa mkanda,
kaukata kwenye tairi la lori, kautia mnyororo wa kuvutia magari.
Masanduku mawili, mguu huku, mguu kule,
sahani za chuma zikining'inia katikati kama kengele bubu.
Mzigo umeshika nyonga. Wewe uko juu yake,
umekaa wima, mgeni sebuleni,
ukitazama wenyeji wakifanya kazi.
Chini taratibu.
Juu kama aliyekanyaga kaa la moto.
Mek. Yerku. Yerek.
Kwenye ya tano mapaja yalinitukana hadi ukoo.

Kisha sleji, magunia mawili ya viazi juu yake,
nikiivuta kinyumenyume uani, theluji ikilia chini ya visigino.
Bi Knarik akafungua dirisha la ghorofa ya pili:
"Varsenik! Umesahau nini huko unakorudi?"
"Magoti, mama."
Akafunga dirisha. Akalifungua tena, akanirushia soksi.

Januari nilikuibia.
Zhirayr kaenda kununua mkate;
nikakifunua chuma pembeni, kilo arobaini tu,
nani angejua?
Ulijua. Ulinitumia waya wa moto
toka kalioni hadi kidole gumba cha kushoto,
na siku tisa nililala sakafuni, ndama juu ya kiti,
nikihesabu nyufa za dari na kukuita majina
ambayo asubuhi niliyaomba radhi.
Kocha hakugomba. Alikihamishia chuma nyumbani kwake.
Mkewe anaanikia nguo.

Nikaanza upya, chini kabisa:
mguu wa nyuma benchini, goti la mbele likitetemeka
kama meza ya mkahawa.
Kisha masanduku ya kurukia.
"Nguvu si kusukuma," Zhirayr alisema, "ni kufyatuka.
Mtego wa panya hausukumi."
Naye akageuza kiti, akakaa akitazama ukuta,
maana kuruka, alisema, kila mtu anaruka;
yeye anasikiliza kutua.
Sentimita arobaini: "Gunia."
Hamsini: "Gunia la mawe."
Sitini, mwisho wa Februari: "Mbuzi. Afadhali."

Leo kamba za viatu nimefunga mwenyewe.
Nimekuinamisha kidogo, ukanung'unika, ukakubali.
Sanduku juu ya sanduku, na juu yake ubao:
tisini na mbili, linanifika kiunoni.
Siku hizi sikusemeshi kwa ukali.
Nimevuta pumzi, nyonga nyuma, mikono nyuma,
nikafyatuka

na hapo juu, mgongo, kwa kitambo kidogo,
hukunibeba, sikukubeba.
Tulikuwa tu.

Nikatua. Vumbi la chokaa halikuinuka.
Zhirayr, uso ukutani, kikombe mkononi, akangoja,
akangoja tena,
akasema, "Mbona huruki?"